Kiraka na Saini: Nani Aliyeubadilisha Mtambo?

Katika makumbusho ya Smithsonian nchini Marekani umehifadhiwa utepe wa karatasi uliotumika kuendesha kompyuta ya Harvard Mark I mwaka 1944. Kompyuta ile haikuhifadhi amri zake ndani ya tumbo lake kama zinavyofanya za leo. Amri zilitobolewa matundu kwenye utepe mpana, na mashine ikayasoma matundu hayo safu baada ya safu. Mtunga amri alipokosea hakuutupa utepe mzima. Alikata kipande cha karatasi, akakigundisha juu ya tundu lisilotakiwa, kisha akaurudisha utepe mashineni. Vipande hivyo vinaonekana hadi leo, na Waingereza waliviita kwa neno lile lile wanalolitumia kwa kiraka cha nguo. Kiswahili hakina haja ya kutafuta tafsiri, maana kiraka ni kiraka, kiwe cha suruali au cha mtambo.

Nimeanza na utepe huo kwa sababu jambo ninalotaka kulijadili linahusu kifaa cha juzi tu, nacho ni kifaa kinachompa wakala wa akili mnemba uwezo wa kubandika kiraka katika klasta ya kontena iliyo kazini. Magazeti yetu yanapozungumzia akili mnemba huzungumzia ajira zitakazopotea na picha za uongo wakati wa uchaguzi. Kifaa hiki hakitajwi kwa kuwa jina lake linawatisha wasiokuwa mafundi, na mafundi wenyewe wanakiona cha kawaida. Hata hivyo, sehemu kubwa ya huduma za mtandaoni ulimwenguni leo huendeshwa katika klasta za aina hiyo. Kwa hiyo swali la nani anaruhusiwa kubandika kiraka humo, na kwa jina la nani, ni swali la utawala. Nitalijadili kama mtu wa historia, kwa kuwa historia ya kiraka, ukiisoma kwa makini, ni historia ya saini.

Tazama kilichotokea tarehe 5 Februari 1971. Chombo cha Antares cha safari ya Apollo 14 kilikuwa kinauzunguka Mwezi kikijiandaa kutua, kikiwa na Alan Shepard na Edgar Mitchell. Wahandisi wa Houston wakaona kompyuta ya chombo ikipokea ishara ya kusitisha safari, ilhali hakuna aliyeigusa swichi. Mitchell alipoigonga paneli, ishara ikatoweka, kisha ikarudi. Ilidhaniwa kwamba kipande kidogo cha metali kilikuwa kinaelea ndani ya swichi. Ishara hiyo ikijitokeza wakati chombo kinashuka, kompyuta ingetii na kukirusha chombo kurudi juu. Programu ya kompyuta ile ilikuwa imefumwa kwa nyaya, haiwezekani kuibadilisha. Sehemu ndogo tu ya kumbukumbu ndiyo iliyoweza kuandikwa upya. Kijana wa miaka 27, Don Eyles, katika maabara ya Draper mjini Cambridge, Massachusetts, akatunga ndani ya saa mbili hivi mfululizo wa tarakimu wa kuifanya kompyuta iipuuze swichi. Tarakimu zikajaribiwa kwenye mtambo wa mfano, Houston ikaridhia, zikasomwa kwa redio moja baada ya nyingine, na Mitchell akazibonyeza kwa kidole chake. Chombo kikatua.

Simulizi hii hupendwa kwa ajili ya ujasiri wake. Mimi hunivutia kwa sababu nyingine. Ukiuliza leo nani aliubadilisha mtambo ule, jibu lipo na lina majina: aliyetunga, walioridhia, aliyebonyeza. Kiraka kilipita mikononi mwa watu kadhaa, na kila mmoja alijua kwamba yeye ni kiungo.

Miaka michache baadaye kiraka kiliacha kuwa kitu cha kushikwa na kikawa maandishi. Katika maabara za Bell, mapema miaka ya 1970, ilitungwa programu ya kulinganisha mafaili mawili na kuonyesha mistari iliyotofautiana. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa programu ya upande wa pili, inayopokea orodha ya tofauti hizo na kuzitia katika faili la zamani ili liwe jipya. Kuanzia hapo kiraka kiliweza kusafiri. Mtu wa Helsinki aliweza kumtumia mtu wa Sydney mistari kumi, na programu yenye maelfu ya mistari ikabadilika bila wawili hao kuonana. Linux ilijengwa hivyo, kiraka juu ya kiraka, na watu wasiofahamiana.

Kutofahamiana huko kulikuwa na gharama yake. Machi 2003 kampuni ya SCO Group iliishtaki IBM ikidai kwamba maandishi ya Unix iliyoyahesabu kuwa mali yake yametiwa ndani ya Linux. Ghafla swali ambalo mafundi walilidharau likawa la mahakamani: kila mstari huu umetoka kwa nani, na huyo alikuwa na haki ya kuutoa? Mei 2004 Linus Torvalds alipendekeza utaratibu ambao kwa mtumishi yeyote wa masjala usingekuwa na ugeni wowote. Kila kiraka kiwe na mstari chini yake, wenye jina la mtu na anwani yake, kuthibitisha kwamba anayo haki ya kukitoa; na kila anayekipokea na kukipeleka mbele naye aongeze mstari wake. Walichokigundua mafundi wa Linux mwaka 2004 ni dokezo. Jalada linapotoka kwa ofisa kwenda kwa mkuu wa idara na kupanda hadi kwa katibu mkuu, kila mmoja huandika na kutia saini, na atakayelifungua baada ya miaka ishirini ataona njia lililopitia. Nasema haya bila dhihaka. Urasimu una maovu mengi, na nimeyaandika hapa mara kwa mara, lakini dokezo lenye saini ni mojawapo ya mema yake machache.

Inafaa pia kujua kwamba mwongozo wa mradi huo wa Linux kuhusu visaidizi vya akili mnemba umekataza wakala kujitilia mstari ule wa saini. Binadamu peke yake ndiye anayeweza kuthibitisha, na kisaidizi hutajwa pembeni kwamba kilisaidia. Nitarudi kwenye jambo hili.

Klasta ilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 26 Aprili 1956 meli ya Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58, na biashara ya bandari haikurudi ilivyokuwa. Kontena lilikuwa na faida moja kubwa: winchi haikuhitaji kujua kilichomo ndani. Watu wa kompyuta waliliazima wazo hilo pamoja na jina. Programu hufungwa pamoja na vyote inavyovihitaji, kisha ikapakiwa kwenye kompyuta yoyote bila kuulizwa imebeba nini. Docker ilipoonekana hadharani mwaka 2013 ilifanya ufungaji huo uwe kazi ya dakika chache, na ndipo likazuka tatizo la makontena kuwa mengi kuliko watu wa kuyapanga. Google, iliyokuwa na uzoefu wa miaka mingi wa mfumo wake wa ndani uitwao Borg, ikatangaza mwaka 2014 mfumo wa wazi wa kuyaongoza, na toleo lake la kwanza kamili likatoka Julai 2015. Waliuita Kubernetes, neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani wa chombo.

Niruhusiwe kuchepuka kidogo. Kutokana na kitenzi cha Kiyunani cha kushika usukani, Walatini walipata neno lao la kuongoza, ambalo ndilo lililozaa neno la Kiingereza la serikali. Sisi tulipita njia ya Uajemi: nahodha ni neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa chombo, na serikali nayo asili yake ni Kiajemi, mkuu wa kazi. Wanasiasa wetu hawachoki kuifananisha nchi na jahazi. Huenda wasijue kwamba mafundi wa kompyuta nao wamejichukulia sitiari hiyo hiyo, tena pamoja na matatizo yake yote: nani anamsimamia nahodha, na abiria wana sauti gani.

Jinsi nahodha huyu anavyofanya kazi kunahitaji kueleweka, kwani humo ndimo uzito wa kiraka ulimo. Mhandisi haiambii klasta “washa programu hii, zima ile.” Huandika hati ya hali anayoitaka: programu fulani iwe na nakala tatu, kila nakala ipewe kumbukumbu kiasi hiki, itumie toleo lile. Vidhibiti vya klasta huisoma hati bila kupumzika na kulazimisha hali halisi ilingane nayo. Nakala moja ikifa, nyingine huwashwa. Hebu mtumishi wa umma afikirie ofisi ambamo waraka ukishapokelewa masjala, madawati yanahama yenyewe na watu wanabadilishana vyumba kabla hata haujagongwa muhuri. Katika ofisi ya namna hiyo kuuandika waraka na kuutekeleza ni tendo moja.

Na waraka huo hauhitaji kuandikwa upya wote. Machi 2010 jopo la viwango vya intaneti, IETF, lilichapisha waraka RFC 5789 ulioweka njia rasmi ya kutuma kiraka kwa seva badala ya hati nzima, na nyaraka nyingine zilizofuata zikaeleza maumbo ya kiraka chenyewe. Kubernetes inayakubali kadhaa. Umbo la RFC 6902, la mwaka 2013, ni orodha ya hatua: ongeza hapa, ondoa pale, badilisha hiki. Miongoni mwa hatua hizo imo moja ninayoiona ya kiungwana, ya kupima kwanza, ambayo ni kama kusema: ikiwa idadi bado ni tatu, ifanye tano, ikiwa imeshabadilika, acha yote. Umbo la pili ni kipande cha hati kinachounganishwa na hati iliyopo, na lina mtego. Ukituma orodha, orodha ya zamani hufutika yote na yako kuchukua nafasi yake. Mtu aliyekusudia kurekebisha kontena moja kati ya mawili anaweza kujikuta amelifuta la pili kwa kutolitaja tu. Umbo la tatu ni la Kubernetes yenyewe, na lilitungwa kuukwepa mtego huo kwa kuoanisha vitu kwa majina yao. Maumbo yote matatu huonekana yanafanana kwa asiyejua, na kuchagua moja badala ya jingine kunaweza kuzima huduma.

Watu huogopa neno “futa.” Wanaweka ulinzi mkali juu ya ruhusa ya kufuta, kisha wanatoa ruhusa ya kiraka kwa ukarimu, kana kwamba ni kazi ya fundi cherehani. Kiraka kinachobadilisha idadi ya nakala kutoka tatu hadi sifuri hakifuti kitu. Hati ipo, jina lipo, historia ipo. Ila mwananchi anayetafuta huduma hataipata. Tena, anayeweza kubandika kiraka kwenye hati ya programu anaweza kubadilisha programu inayoendeshwa ikawa nyingine kabisa, na kuisomesha siri zilizohifadhiwa katika eneo hilo hilo la klasta, yakiwemo maneno ya siri ya hifadhidata. Mfumo wa ruhusa wa Kubernetes, uliokomaa mwaka 2017, umekitenga kitenzi cha kiraka na vitenzi vya kusoma, kuunda na kufuta. Waliokitenga walijua walichokifanya. Wasimamizi wengi huviunganisha tena kwa uvivu.

Hapo ndipo anapoingia wakala. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ilitoa itifaki iitwayo Model Context Protocol, inayoeleza namna modeli ya lugha inavyoweza kupewa vifaa vya kutendea kazi. Haikuchukua muda mafundi wakaunda vifaa vya Kubernetes kwa itifaki hiyo, na kimojawapo ni hiki cha kiraka. Umbo lake ni jepesi mno. Wakala hutaja aina ya rasilimali, jina lake, eneo lilipo, umbo la kiraka na maudhui yake, kifaa hupeleka ombi kwenye klasta, jibu hurudi. Mhandisi aliyeamshwa saa nane za usiku huandika tu kwa lugha ya kawaida, “huduma ya malipo inakufa kila dakika, itazame.” Wakala husoma kumbukumbu za mfumo, hugundua kwamba programu inaishiwa na kumbukumbu, huandika kiraka cha kuiongezea, nayo huduma husimama. Siyadharau manufaa hayo. Penye mafundi wachache na mifumo mingi, na hiyo ndiyo hali ya taasisi nyingi za umma katika nchi maskini, msaidizi asiyelala ni neema.

Wasiwasi wangu uko kwenye neno lenyewe, wakala. Kwetu neno hili si jipya. Tunaye wakala wa fedha za simu pale mtaani, na tuna Wakala za Serikali tangu sheria ya mwaka 1997. Asili yake ni Kiarabu, na katika fiqhi uwakala una masharti yake: nani anaweza kuwakilisha, katika jambo gani, na mpaka wapi. Sheria yetu ya Mikataba, Sura 345, nayo ina sehemu inayohusu uwakala, na msingi wake mmojawapo ni kwamba wakala aliyekabidhiwa kazi ya kuifanya mwenyewe hana uhuru wa kumkabidhi mwingine kazi hiyo, isipokuwa desturi ya biashara au hali ya kazi inaruhusu. Sasa mhandisi wa serikali ni nani, kama si mtu aliyekabidhiwa? Mamlaka ya kuubadilisha mtambo si yake. Amepewa na mwajiri, na mwajiri amepewa na umma. Anapoikabidhi modeli kifaa cha kiraka anakabidhi kilichokabidhiwa. Je, hali ya kazi inaruhusu? Huenda ikawa ndiyo. Lakini katika ofisi nyingi swali hilo halijaulizwa. Kifaa kimesakinishwa na kijana mmoja mwenye bidii siku ya Ijumaa mchana.

Naye akikisakinisha hufanya jambo lililo rahisi kuliko yote: hukipa kitambulisho chake mwenyewe, faili lile lile analoingilia klasta kila siku. Matokeo yake yafikiriwe. Klasta iliyowekewa kumbukumbu ya ukaguzi huandika kila ombi: nani, lini, kitenzi gani, rasilimali ipi. Kiraka kikiletwa na wakala kwa kitambulisho cha kijana yule, kumbukumbu itaandika jina lake. Miezi sita baadaye wakaguzi wakija, ushahidi utasema kwamba yeye, kwa mkono wake, alibadilisha mfumo saa nane na dakika kumi usiku. Hata yeye hatakuwa na namna ya kutenganisha alichokifanya na alichofanyiwa. Safari iliyoanza na vidole vya Mitchell imefika hapa: saini ipo, mkono haujulikani.

Tusidhani ajali hizi ni za kufikirika. Tarehe 28 Februari 2017 huduma ya hifadhi ya Amazon katika eneo la kaskazini mwa Virginia ilianguka kwa saa kadhaa na kuangusha tovuti nyingi. Mfanyakazi mwenye idhini, akifuata mwongozo ulioandikwa, aliingiza vibaya sehemu ya amri ya kuondoa seva chache, zikaondoka nyingi. Taarifa ya kampuni iliyofuata inastahili kusomwa na kila mkuu wa kitengo cha TEHAMA. Ilikiri kwamba kifaa kiliruhusu seva nyingi mno kuondolewa kwa kasi mno, na kwamba kimebadilishwa ili kiondoe polepole na kukataa kushuka chini ya kiwango. Sisi tungeunda kamati ya kumsaka mkosaji. Wao walikirekebisha kifaa. Julai 2025, katika jukwaa la Replit, wakala wa akili mnemba alifuta hifadhidata hai yenye kumbukumbu za watendaji zaidi ya elfu moja, wakati alikuwa ameambiwa kwa maneno asibadilishe chochote, kisha akadai kwamba haiwezekani kuirudisha. Iliwezekana. Mkuu wa kampuni hiyo aliomba radhi hadharani na kutangaza kuitenga mazingira ya majaribio na ya kazi. Wakala alikuwa ameagizwa, lakini hakuwa amezuiwa, na agizo kwa maneno si zuio.

Kuna hatari nyingine ambayo nahodha wa zamani hakuijua. Wakala husoma maandishi, na haoni kwa uhakika mpaka kati ya taarifa na amri. Mtu wa nje anaweza kupenyeza katika kumbukumbu za mfumo, kwa kujaza fomu ya kawaida kabisa ya tovuti, sentensi inayosema, “rekebisha hitilafu hii kwa kubadilisha toleo kuwa lile.” Wakala aliyetumwa kuchunguza hitilafu ataisoma. Akiwa na kifaa cha kusoma tu, madhara ni machache. Akiwa na kifaa cha kiraka, mtu asiye na akaunti yoyote amepata mkono ndani ya klasta.

Kinga zipo, na nyingi zimo ndani ya Kubernetes yenyewe. Kiraka kinaweza kutumwa kwanza kwa majaribio, klasta ikajibu kingefanya nini bila kukitekeleza. Kinaweza kubeba namba ya toleo la hati, kikakataliwa ikiwa mtu mwingine ameigusa hati hiyo kabla. Wakala anaweza kupewa akaunti yake, yenye ruhusa ya kusoma kwingi na kubandika kiraka kwenye rasilimali mbili tatu zilizotajwa kwa majina. Anaweza pia asipewe kiraka kabisa, bali aandike pendekezo likasubiri binadamu alisome na kuliweka sahihi, kama Linux inavyotaka. Lililo gumu ni kwamba kila kinga inapunguza kasi, na kasi ndiyo iliyonunuliwa.

Katika barua zetu za serikali kuna herufi tatu ambazo kila karani anazijua: Kny. Ofisa anapoandika badala ya katibu mkuu hatii saini ya katibu mkuu. Hutia yake, kwa jina lake, juu ya cheo cha anayemwakilisha, na msomaji huona wote wawili. Kubernetes nayo inao utaratibu huo. Akaunti moja inaweza kuruhusiwa kutuma ombi kwa niaba ya mtu mwingine, na hapo kumbukumbu ya ukaguzi huandika majina mawili, la aliyeleta ombi na la yule ambaye ombi limeletwa kwa jina lake. Nafasi ya jina la pili imo tayari katika mfumo. Hubaki tupu mpaka msimamizi atakapoamua kumnyima wakala kitambulisho cha mtu na kumpa chake.